Mtaa Mmoja, Mashine Moja

Mimi ndiye niliyeanza kuuza kahawa pale Kasingirima. Naliweka hili mbele kabla ya lolote, maana watu wa Ujiji ni wepisi wa kusahau. Nilikuwa na birika langu, vikombe vyangu, kashata zangu na wateja wangu wazee wa msikitini, yeye, jirani yangu, bado anauza mawese kwa chupa. Halafu naye akaingia kwenye kahawa, na haukupita mwaka mtaa mzima ukawa unamwita Mama Kahawa. Mimi nikabaki Mama Zawadi, jina la mtoto, jina ambalo kila mwanamke aliyezaa anapewa bure.

Basi na mimi hapa nitamwita hivyo hivyo, roho ikiniuma. Alizaliwa wapi na ukoo wake ni upi, hayo waulizeni wanaopenda kesi za mirathi. Mimi namjua kwa ua wa matete uliotutenganisha, na ua ule ulikuwa na matundu ya kutosha.

Nilimwonea wivu. Nasema wazi, na simwombi mtu msamaha. Wivu wangu ulikuwa na sababu zake, na ndio ulionifanya niwe naamka kabla ya adhana.

Alikuwa mrefu, mkavu, na sauti yake ndogo haikulingana kabisa na kimo. Ukimsikia nyuma ya mlango ungedhani ni msichana anayeulizia chumvi. Alitembea polepole, mkono mmoja mgongoni. Kiswahili chake kilikuwa na Kiha ndani, na akikasirika Kiswahili kilikimbia chote, kikabaki Kiha peke yake. Lakini hakukasirikia watu. Alilikasirikia jiko, alilikasirikia gunia, aliutukana mkaa mbichi matusi ambayo sitayaandika, kisha akigeuka kwa mtu sauti inarudi kuwa ile ile ya msichana. Kanga zake nilizisoma zote, moja baada ya nyingine, nikitafuta fumbo linalonihusu, nipate sababu ya kujibu. Hakuna. Zote zilikuwa za kumshukuru Mungu na kuwaombea wazazi. Hata fumbo alininyima.

Sote wawili tulinunua buni moja, ya Kalinzi, kwa mchuuzi mmoja. Mkaa mmoja, maji mamoja, tangawizi ya soko moja. Lakini wazee wangu wa msikitini walianza kunipita. Walinisalimia vizuri sana, "Habari za asubuhi, Mama Zawadi, watoto hawajambo?" huku miguu inakwenda kwa Mama Kahawa. Afadhali wangepita kimya.

Alikaanga akiupa mtaa mgongo. Buni zikianza kulia kikaangoni, ta, ta, ta, aliinamisha kichwa upande, akafumba macho, akasikiliza. Kisha, kwa ghafla ambayo hakuwa nayo katika jambo lingine lolote duniani, alizimwaga zote kwenye ungo. Mimi nyuma ya matete niliziba pumzi. Nikirudi kwangu na kumwaga palepale, zinakuwa mbichi. Nikingoja kidogo, mkaa mtupu.

Siku moja nikajikaza nikamwuliza. "Shikamoo mama. Hivi unajuaje kwamba zimeiva?"

"Marahaba, mwanangu. Zikiiva, zimeiva."

"Sasa pale unasikiliza nini?"

"Nasikiliza kama mtoto ameamka."

Mtoto gani? Nyumba ile haikuwa na mtoto mdogo. Wanawe wa kiume walikuwa na ndevu, na binti alishaolewa. Nikaondoka nikijua nimedanganywa kwa adabu.

Watu wakimtaja leo wanasifu ukarimu wake. Mimi nakumbuka kinu. Alikuwa na kinu cha mti mzito, cha kutwangia kahawa, na hakikuazimwa. Ungeweza kumwomba unga, ungeweza kumwomba kanga ya kwendea msibani, angevua aliyoivaa akupe. Kinu, hapana. "Kinu kina ulimi," alisema. "Kikitoka kinakwenda kusema." Kibiriti pia alikificha. Moto aliutafuta kwa majirani kila alfajiri kwa kipande cha kigae, mwanamke ambaye kahawa ilishamfungulia maduka mawili anamwomba kila mtu makaa. Mteja akiomba sukari kwenye kahawa alimwambia aende akanywe chai, wala hakutania.

Na kulikuwa na lile la kikombe. Kila alipokaanga, alitazama moshi unakoelekea. Nyumba ambayo moshi umeingia ilipelekewa kikombe cha kahawa ya kikaango kile kile, ingali moto. "Aliyekula moshi wangu anywe kahawa yangu," ndivyo alivyokuwa akisema. Upepo wa ziwani ukivuma, moshi ulikuja kwangu, na kikombe kikaja kwangu. Nilikinywa. Mnataka nikimwage? Ilikuwa kahawa nzuri kuliko yangu, na nilikuwa nainywa nimekunja uso. Kisha kwetu chombo cha jirani hakirudi kitupu. Unaweka hata kitunguu. Mimi niliweka kashata. Mara nyingi nilitaka kukirudisha kitupu, ajue, lakini mama yangu alinilea, mkono ukakataa.

Hayo yangebaki kuwa mambo ya ua na ua kama si miaka ile ya wakimbizi. Mitumbwi na maboti yalileta watu kutoka ng'ambo ya ziwa, wengine na godoro, wengine na mtoto mgongoni basi. Malori yaliwapeleka kambini. Mjini zikafunguliwa ofisi za mashirika, magari meupe yenye antena ndefu yakajaa barabara ya kuja Ujiji, na ndani ya magari wageni waliokunywa kahawa asubuhi, mchana na jioni. Ya birika hawakuitaka. Mpishi wa nyumba yao ya wageni alikuja mtaani kwetu akatuambia mimi na Mama Kahawa, tumesimama pamoja: "Nataka iliyokaangwa kwa mashine, imesagwa, iko kwenye pakiti, na mwenye kuuza awe na leseni. Atakayekuwa nayo, nachukua kwake kila wiki."

Kila wiki! Zawadi alikuwa anaingia sekondari, na paa langu lilikuwa limeanza kuonyesha nyota.

Mashine yenyewe msiifikirie kubwa. Ni pipa la chuma linalolazwa juu ya moto, lina mpini wa kuzungushia ili buni zisiungue upande mmoja, na lina bomba la kutolea moshi. Mafundi wa Mwanga, mtaa wa pale mjini, waliziunda. Kuipata haikuwa kazi. Kazi ilikuwa kuruhusiwa kuiwasha. Ilitakiwa Bwana Afya akague chumba, majirani waridhie moshi mbele ya mwenyekiti wa mtaa, ndipo afisa biashara atoe leseni. Tukaenda kwa huyo afisa, tukakaa benchi moja, mimi na yeye, kama wake wenza waliopelekana barazani.

Afisa akatutazama. "Mtaa ule nyumba zimebanana. Nitaruhusu mashine moja tu. Atakayetimiza masharti kwanza, ndiye."

Tulipotoka nje Mama Kahawa akanishika mkono. "Basi mwanangu, Mungu atatuchagulia."

"Amina, mama," nikasema, na moyoni nilikuwa nimeshavua viatu nakimbia.

Bwana Afya alikuwa kijana wa kuletwa, mtu wa Dodoma, Mkristo mpole asiyepatana na jasho la kwetu. Masharti yake: sakafu ya saruji, wavu madirishani, tukapime afya zetu hospitali, bomba la moshi lipite paa, na mtu asilale katika chumba cha mashine. Mimi nilibishana naye sharti kwa sharti. Wavu wa nini, nzi wa Ujiji hawali kahawa! Kupima choo changu na kukaanga buni vinahusiana nini? Kila nilipomaliza kubishana alirudia sharti lile lile kwa sauti ya upole zaidi.

Mama Kahawa hakubisha. Alimsikiliza, akayarudia maneno yake yote, kisha akamwuliza, "Na ukutani, Bwana Afya, unapenda chokaa au rangi?"

Unapenda! Kana kwamba anamjengea nyumba ya kuolea. Na yule kijana akasimama, akaufikiria ukuta ule, akasema chokaa ingependeza. Tangu siku hiyo chumba cha Mama Kahawa kikawa kama chake. Alikuwa akipita tu kuangalia kinaendeleaje. Kwangu alikuja na kalamu.

Nikaona dawa ni kuwahi. Nikamwambia fundi aniundie bomba haraka, kwa chochote kilichopo. Kilichokuwepo miaka ile ni makopo ya mafuta ya msaada. Kila nyumba ilikuwa nayo, watu walifanyia milango, waliezekea mabanda ya kuku. Fundi akayatoboa matako, akayapanga moja juu ya jingine, akayaunga kwa risasi, ile ya kuzibia sufuria. Bomba likapita paa, linang'aa, maandishi ya msaada yanasomeka kutoka barabarani. Nikamwita Bwana Afya aje aone. Nikawasha moto wa nguvu, wa kuonyesha.

Risasi na moto, jamani. Fundi anajua, mimi najua, hata mtoto anayeziba sufuria anajua kuwa sufuria iliyozibwa haiwekwi motoni tupu. Lakini haraka ilitufumba macho sote wawili. Kopo la chini likaachia, la pili likafuata, na bomba zima likashuka kopo kwa kopo, na masizi yote yakamwangukia Bwana Afya kwenye shati jeupe.

Alijipangusa macho kwa kiganja. Kisha akasema, "Mama Zawadi, nitarudi siku nyingine."

Hapo kichwa cha Mama Kahawa kikachomoza uani. Alikuwa na sabuni mkononi. Akamvua kijana shati, akalifua pale pale: uani kwangu, kwenye beseni langu, kwa maji niliyoyateka mimi! Akalianika kwenye kamba yangu. "Bomba litakaa," akaniambia, "chuma kikiwa kizito." Nilimjibu asante. Neno lile nililitoa kwa shida kuliko jino.

Nikaanza upya na bomba la chuma, na hapo ndipo aliponishangaza, maana ilikuwa zamu yake kushinda na hakushinda. Bwana Afya alikwenda kukagua chumba chake, kila kitu tayari, chokaa inameremeta, na ndani akakuta mikeka na watu. Mama mmoja na binti zake, walioshuka kwenye boti kutoka ng'ambo, walikuwa wamelala juu ya ile saruji mpya. Nilikuwa kwenye tundu langu, nikasikia yote.

"Mama, nilisema mtu asilale humu."

"Ulisema, Bwana Afya. Nimekusikia."

"Sasa nije lini, kikiwa kitupu?"

"Uje wakiondoka."

"Wataondoka lini?"

"Wakipata habari za baba yao."

"Leseni itachelewa, mama. Na mwenzako anajenga bomba jingine."

"Namsikia akijenga," akasema Mama Kahawa. "Acha ajenge."

Mnadhani niliguswa? Nilifurahi! Nilimkimbilia fundi nikamwambia aongeze mkono. Huku nyuma yule mama na binti zake waliishi pale wakila ugali wa Mama Kahawa, na kibiriti akiwaficha vile vile. Nilimsikia akimfokea binti mmoja kwa kuwasha njiti bure. Mtu wa kuwapa chumba chenye leseni ndani yake, anawanyima njiti! Sijapata kumwelewa, na nilikuwa na muda mwingi wa kujaribu.

Habari za baba zilikuja kabla fundi wangu hajamaliza. Yuko kambini, hai. Wakapanda lori wakaenda. Mama Kahawa akaosha sakafu, na ikawa wiki ile ile na mimi bomba langu limesimama. Bwana Afya akatupitisha wote wawili, akasema: sasa waseme majirani.

Tukakutana kwa mwenyekiti wa mtaa baada ya swala ya alasiri. Mwenyekiti alikuwa mvuvi mstaafu mwenye kifua kipana na subira ndogo. Bwana Afya akasoma: "Yupo anayepinga moshi wa Mama Kahawa?"

Hakuna mkono. Watu wanatazama chini. Nikaona mashine yangu inakwenda, leseni inakwenda, Zawadi anakwenda shule na sketi ya mwaka juzi. Nikasimama.

"Mimi napinga. Moshi wake unaingia kwangu. Nguo zinanuka, mtoto anakohoa."

Mwenyekiti akanigeukia. "Mama Zawadi, juzi alikaanga?"

"Alikaanga."

"Kikombe kilikuja kwako?"

"Kilikuja."

"Ukanywa?"

"Nikanywa, sasa?"

"Ukakirudisha na nini?"

Nikajua nimekwisha. "Kashata," nikasema.

"Ya nazi!" akadakia mwanamke wa nyumba ya mbele, mchawi yule, na uwanja mzima ukacheka.

"Basi," akasema mwenyekiti. "Moshi umeupokea, umeulipia na asante. Kama hukuutaka ungerudisha kikombe kimejaa. Kaa chini."

Bwana Afya alikuwa hajaelewa kitu. Ikabidi wazee wamweleze habari ya kikombe na moshi, yeye akitikisa kichwa, akaandika kwamba hakuna pingamizi. Kisha akauliza kuhusu moshi wangu. Mikono ikanyooka, mmoja, mwingine, na mwingine. Mimi moshi wangu ulikuwa ukiingia kwa watu miaka yote bila kikombe nyuma yake. Mama Kahawa hakunyoosha wake; alikaa mpaka mwisho, mkono mgongoni.

Akapata leseni. Akaibandika ukutani, juu ya ile chokaa. Miaka iliyofuata nililala na kuamka na mngurumo wa pipa lake, na gari jeupe lilikuja kila wiki, likiegesha mbele ya mlango wangu kwa sababu mbele ya kwake kulikuwa na mtaro. Mimi niliendelea na birika. Zawadi alimaliza shule kwa birika, tena vizuri. Lakini siku zote nilikaanga nikimkaangia yeye: nikimwaga buni kwenye ungo nilijiuliza angesemaje. Mkono wangu ulikuja kutulia. Wazee wawili watatu walirudi, wakajifanya hawakuwahi kuondoka.

Wakimbizi wakarudi kwao, wengi wao. Mashirika yakafunga ofisi, magari meupe yakapungua. Mama Kahawa akauza kwenye mahoteli, kisha macho yakamchoka, akazima mashine, akahamia kwa binti yake, mtaa wa Rusimbi. Nyumba ya Kasingirima ikabaki yake, ina mpangaji. Ofisini alikuja afisa mwingine, akafuta ile habari ya mashine moja. Ghafla kila mtu akawa mkaanga kahawa. Binti wa kona akaweka mashine. Kijana mmoja kutoka Ilagala, aliyekuwa anauza dagaa, akaweka mashine. Wote walipanda Rusimbi kumwomba Mama Kahawa ridhaa ya nyumba yake, na wote aliwawekea dole gumba, akawaombea na dua.

Nikasema na mimi sasa. Safari hii nilikuwa nimepeleka vikombe mtaa mzima kwa miaka, hata kwa yule mchawi wa nyumba ya mbele. Kila jirani aliridhia. Akabaki yeye.

Nilimkuta amekaa ukumbini kwa binti yake, juu ya mkeka, miguu ameinyoosha.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Nani huyo?"

"Mama Zawadi."

"Aa. Kaa, kaa." Akaniuliza habari za Zawadi, za paa, za mtaa. Nikamweleza nilichojia. Akasikiliza mpaka mwisho.

"Wote wameridhia?"

"Wote, mama. Umebaki wewe tu."

"Oya," akasema.

Kwa Kiha hiyo ni hapana, lakini nilidhani anajibu kitu kingine. "Oya nini, mama?"

"Napinga."

Nikacheka. Yeye hakucheka. "Mama, yule binti wa kona si ulimwekea dole? Na kijana wa Ilagala?"

"Niliwawekea. Wale wanaunguza. Wataunguza mpaka kiama, masikini. Acha wapate leseni."

"Na mimi je?"

Alivuta uzi wa mkeka. Ile sauti ya msichana ilipotoka, ilitoka imekwaruza.

"Wewe ukiwasha mashine pale, mwezi hauishi kahawa yangu imesahaulika. Ngoja nife kwanza."

Niliinuka. Nilimshika mkono, nikamuaga, nikatoka. Nilishuka kutoka Rusimbi kwa miguu, na watu walionisalimia njiani niliwaitikia kwa sauti kubwa mno, mpaka mmoja akaniuliza kama kwetu kuna harusi.

Kesho yake nikaenda ofisini. Yule afisa mpya akapitia majirani wangu, akafika kwa Mama Kahawa.

"Huyu mbona hana dole?"

"Amekataa."

"Ah, mmoja tu, mama, tena bibi kizee, na wala haishi pale. Huyu tunamruka. Leseni yako utaichukua Jumatatu."

"Usimruke!" nikamwambia. Wote waliokuwa kwenye benchi wakageuka. "Andika kwamba amepinga."

"Nikiandika hivyo faili linasimama, mama. Sheria ni sheria. Litasimama mpaka aridhie, au mpaka, samahani, Mungu amchukue."

"Lisimame, baba. Andika. Mama Kahawa amempinga Mama Zawadi."

Akanitazama, akachukua kalamu, akaandika. Nikamwomba anisomee. Akasoma. Nikamwomba asome tena.